Tutazame Kwanza, Ndipo Tupige Marufuku

Nimekuwa kada wa Chama kwa zaidi ya miaka 20, na katika muda huo nimesimama mbele ya wananchi mara nyingi kuzilaumu sinema za ngumi na mateke. Nimezilaumu katika mikutano ya vijana, nimezilaumu katika mahafali ya skuli, na nilipokuwa kijana nilikuwa miongoni mwa waliokwenda kukifunga kibanda kimoja cha video katika shehia yetu, tukachukua runinga na deki tukazipeleka kwa sheha. Leo sina budi kukiri mbele yenu, ndugu wasomaji, kwamba picha iliyokuwa ikionyeshwa jioni ile sikuiona. Wala baada ya hapo sikupata kuona nyingine yoyote ya namna ile, mpaka kipupwe cha mwaka huu, nilipokuwa juu ya milima ya Usambara, mjini Lushoto.

Sababu haikuwa uchamungu wangu mwenyewe. Mzee wangu, Mungu amrehemu, alikuwa mtu wa chuo na msikiti. Asubuhi tulikwenda skuli ya Serikali, jioni tulikaa mkekani mbele ya juzuu, na usiku tulilala. Tulipopita mbele ya jengo la Majestic pale Vuga, mjini Unguja, lile lililojengwa upya katika miaka ya 1950 baada ya la mwanzo kuungua, tulitakiwa tuangalie upande wa pili wa barabara. Nami nimeangalia upande wa pili wa barabara kwa muda wa miaka 40.

Safari ya Lushoto ilikuwa ya kikazi. Tulikuwa na semina ya siku 5, watu wa Unguja na Pemba pamoja na wenzetu wa mikoa ya bara. Gari liliacha njia kuu pale Mombo, likaanza kupanda kuelekea Soni, kona baada ya kona, mto ukinguruma bondeni upande mmoja na majabali yakituinamia upande wa pili. Mwenzetu mmoja wa Pemba, mtu aliyekwenda bahari tangu utotoni na ambaye kaskazi na kusi havijapata kumtikisa, alitapika mara mbili kabla hatujafika Soni. Lushoto yenyewe, ambayo Wajerumani waliiita Wilhelmstal, iko kiasi cha mita 1,400 juu ya usawa wa bahari, na Julai ya kule si ile tunayoiita sisi baridi. Watu huvaa makoti mchana kweupe. Sokoni kuna mapeasi, viazi na kabichi kubwa kama vichwa vya watu. Nikaambiwa kwamba Vuga ipo huko vilevile, nayo ilikuwa makao ya wafalme wa Kikilindi, akina Kimweri. Kwa hiyo Mwunguja akisikia Vuga hufikiria sinema, na Msambaa akisikia Vuga hufikiria ufalme.

Siku ya tatu, mwenyeji wetu mmoja, mwalimu, aliniambia kwamba kila Alhamisi baada ya Isha kibanda cha jirani yake huonyesha picha za zamani kwa ajili ya wazee. Nilikwenda kwa nia ambayo siwezi kuisifu. Huko nyumbani kamati yetu ndogo imetayarisha rasimu ya mapendekezo ya kuvifunga vibanda vyote vya video katika wilaya. Rasimu hiyo ilikuwa ikingoja sahihi yangu, nami nilitaka kupata mfano mmoja wa ubaya niutie katika utangulizi.

Kibanda kilikuwa cha mbao na mabati, chenye mabenchi 8 na runinga moja iliyowekwa juu ya kabati. Kiingilio shilingi 500. Ndani kulikuwa na watu wapatao 40: vijana wa bodaboda, wakulima waliotoka mashambani na udongo bado viatuni, na katika benchi la mbele wazee 5 au 6 waliojifunika makoti na kofia za sufu, kila mmoja na kikombe chake cha chai ya tangawizi. Pembeni ya runinga alikaa kijana mmoja mwenye kipaza sauti. Huyu ndiye mfasiri. Wasomaji wa mjini wanaijua kazi hii, maana Dar es Salaam imekuwa nayo tangu siku za Kapteni Mukandala, yule maarufu kwa jina la Lufufu, na Uganda hali kadhalika wanao mafundi wake. Mfasiri hutazama pamoja na watu, akaeleza kwa Kiswahili kinachosemwa, akatia na chumvi yake. Mimi nilikuwa nikimsikia mitaani kwa miaka mingi na kumwita mpiga kelele.

Picha ya usiku huo ilikuwa Enter the Dragon, iliyoongozwa na Mmarekani Robert Clouse, na mchezaji wake mkuu ni Bruce Lee. Mtu huyu alizaliwa San Francisco mwaka 1940, akakulia Hong Kong, na alifariki huko Hong Kong tarehe 20 Julai 1973 akiwa na umri wa miaka 32, kabla picha yenyewe haijafika katika majumba ya sinema. Nusu karne na zaidi imepita, na wazee wa Lushoto bado wanamwita kwa jina la Bruce tu, kama mtu aliyekwenda Korogwe na atarudi kesho.

Nilitegemea damu tangu mwanzo. Badala yake, katika dakika za awali, nilimwona mwalimu na mwanafunzi uwanjani. Mwalimu anamwambia kijana apige teke, kijana anapiga kwa pupa. Anamwambia arudie kwa moyo, anapiga kwa hasira. Na anapokosea anazabwa kofi la kichwa. Kisha anamfunza kwamba kidole kinapoonyesha mwezi, asishughulike na kidole. Mzee aliyekuwa karibu yangu akacheka akasema, "Huyo ni mwalimu wa chuoni huyo." Nami nilikuwa tayari nimeshafika mbali: nilikuwa pwani ya kwetu, jioni ya tarehe 29 Shaabani, watoto tumejipanga ufukweni, maalimu ananyoosha mkono kuelekea magharibi, na mimi nautazama mkono wake kwa sababu ndio uliokuwa ukinichapa. Mwandamo waliuona wengine. Nilipata kofi langu vilevile.

Hadithi yenyewe ni nyepesi kuielewa. Kuna kisiwa karibu na Hong Kong ambacho ni mali ya mtu mmoja, aitwaye Han. Kila baada ya miaka kadhaa anaalika mabingwa wa mapigano kushindana, na chini ya kisiwa hicho, katika mapango, ana kiwanda cha dawa za kulevya na wafungwa waliookotwa bandarini. Wapelelezi wa Kiingereza wanamtuma Lee aende kama mshindani, naye ana kisa chake mwenyewe, kwa kuwa watu wa Han walimfukuza dada yake mpaka akajiua. Bunduki haziruhusiwi kisiwani, kwa sababu mwenye kisiwa anaziogopa. Sisi watu wa visiwa, ambao wazee wetu walijua mpaka Januari 1964 maana ya nchi kuwa na mwenyewe, hatuhitaji kufasiriwa sehemu hiyo.

Hata hivyo ilitokea sehemu moja iliyohitaji kufasiriwa upya, na hapo ndipo nilipofungua mdomo. Washindani wanasafiri baharini kwa chombo cha matanga. Mmoja wao, mtu mwonevu aliyekuwa akiwasumbua vijana wa chomboni, anamkabili Lee na kumuuliza anapigana kwa mtindo gani. Lee anamjibu kwamba mtindo wake ni kupigana bila ya kupigana, na kama anataka kuuona, washuke katika kile kidogo kilichofungwa nyuma waende wakapigane ufukweni. Mwonevu anashuka. Lee hashuki: analegeza kamba, kile kidogo kinarudi nyuma na mawimbi, kinajaa maji, na ile kamba anawakabidhi wale vijana waliokuwa wakionewa. Kibanda kizima kilipiga makofi. Lakini kijana wetu mfasiri, mtoto wa mlimani, alikuwa ameliita jahazi "meli", na kile kidogo "meli ndogo", na amari "waya". Sikuweza kuvumilia. Nikasema kutoka nyuma, "Hiyo si meli, bwana, ni jahazi la Kichina, na hicho ni kihori." Watu wote waligeuka. Mfasiri akanyamaza kidogo, kisha akatangaza kwa kipaza sauti kwamba usiku huo kuna mgeni kutoka baharini na kwamba atasahihishwa.

Tangu hapo sikuwa mkaguzi tena. Nilikuwa mtazamaji, na kwa kuwa nilikuwa mtazamaji niliweza kusikia jambo ambalo katika miaka yote ya hotuba sikupata kulisikia, yaani watazamaji wenyewe wanasema nini.

Miongoni mwa washindani yupo Mmarekani mweusi aitwaye Williams, aliyechezwa na Jim Kelly. Tunaonyeshwa jinsi polisi weupe wawili wa kwao walivyomsimamisha njiani na kumchokoza bila ya kosa, naye akawaangusha na kuondoka na gari lao. Akifika Hong Kong, akiwa ndani ya mashua, anawatazama maskini wanaoishi juu ya maji na anatambua kwamba mitaa ya wanyonge ni ile ile popote duniani. Mtu huyu baadaye anauawa na Han kwa kosa alilolifanya mwingine, ilhali mwenzake mzungu, mcheza kamari aliyejaa madeni, anaokoka mpaka mwisho. Hapo palizuka mjadala. Kijana mmoja wa bodaboda alisema kwa sauti: kwa nini mweusi ndiye afe? Mwingine akajibu kwamba amekufa kwa sababu alikataa kumsaliti mtu, na mcheza kamari amepona kwa sababu bado walikuwa wanataka kumnunua. Mzee mmoja wa benchi la mbele akasema waliotengeneza picha ni Wamarekani, basi mlitegemea afe nani? Mfasiri alisimamisha picha. Mjadala ulichukua dakika 10, nao ulikuwa na heshima zaidi kuliko baadhi ya vikao nilivyowahi kuviendesha.

Kuhusu dawa za kulevya, ambazo zimewala vijana wengi mitaani kwetu Unguja, nimetoa hotuba kiasi ambacho sikikumbuki. Picha hii inaonyesha watu waliolevywa wakiwa wamefungwa chini ya ardhi, vicheko vyao havina maana, na mwenye mali anapita katikati yao akimwonyesha mgeni biashara yake jinsi inavyokwenda. Hakuna aliyehubiri. Mle kibandani palikuwa kimya mpaka mvua ikasikika juu ya bati.

Sitaki nieleweke kwamba kila kitu kilikuwa chema. Upo usiku ambapo wageni wa Han wanaletewa wanawake wachague, na hiyo si sehemu ya kuonyesha watoto, wala ya kuonyesha mtu yeyote kwa fahari. Mfasiri aliiruka. Alibonyeza kitufe, akasema, "Hapa wageni wanalala," na wazee wakaitikia "Walale salama." Bara wanayo Sheria ya Filamu na Michezo ya Kuigiza Na. 4 ya 1976, nasi Visiwani tuna chombo chetu cha ukaguzi. Lakini usiku ule mkaguzi alikuwa kijana mwenye rimoti, akiwaangalia jirani zake usoni. Hata hivyo alikuwepo mtoto wa umri wa darasa la nne, benchi la tatu, saa 3 na nusu usiku wa siku ya masomo, na hakuna aliyemwambia aende nyumbani. Mimi pia sikumwambia. Nilikuwa nikimtazama Bruce.

Picha ilipokwisha, na Han ameshapatikana katika chumba cha vioo, na wafungwa wamekwisha kutoka mapangoni kupigana na waliowafunga, mzee wa jirani yangu alinipa nusu ya chai yake. Alinieleza kwamba picha hii aliiona kwanza Tanga mjini katika miaka ya 1970, alipokuwa kibarua wa mkonge. Aliteremka na wenzake wawili Jumamosi, wakatazama mara mbili mfululizo, basi la kurudi likawaacha, wakalala stendi. Waliporudi walikuwa wakipigana kwa mipini ya majembe kila jioni, mpaka balozi wa nyumba kumi akawaita. Walidhani watapelekwa mahakamani. Balozi akawaandikisha mgambo. "Nyinyi wa Visiwani," aliniambia, "mlikuwa na televisheni ya rangi kabla yetu. Sisi huku bara tumengoja mpaka 1994. Lakini wewe umengoja zaidi yetu sote."

Kesho yake mwalimu mwenyeji alinikumbusha jambo ambalo nilikuwa nimelisoma zamani na kulisahau. Milima hii ndiyo iliyokuwa makao ya moja ya majaribio ya kwanza ya sinema kwa Waafrika wa Afrika ya Mashariki. Kuanzia mwaka 1935 mpaka 1937, pale Vugiri, upande wa Korogwe wa Usambara, Waingereza wawili, Notcutt na Latham, waliendesha mradi wa sinema za elimu kwa fedha za shirika la Carnegie la Marekani. Walitengeneza picha zipatazo 35. Zilihusu kodi, minyoo ya safura, mmomonyoko wa udongo, kuweka akiba Posta, kilimo cha chai. Sauti ilirekodiwa katika sahani za gramafoni, kwa Kiswahili na lugha nyinginezo, ikachezwa kando ya picha, na lori likazunguka nazo kutoka Tanganyika na Kenya mpaka Nyasaland. Tukiangalia vizuri, yule kijana wa kipaza sauti ni mjukuu wa sahani ile, isipokuwa yeye anaweza kujibiwa.

Waliofanya kazi hiyo hawakuwa watu wabaya, na safura ni maradhi ya kweli. Lakini sehemu ya fikra iliyowaongoza wakubwa wa wakati ule ilikuwa kwamba Mwafrika akiona picha huamini kila anachokiona, kwa hiyo picha za ovyo za Marekani zitamharibu, na picha zinazofaa ni zile alizochaguliwa. Fedha za Carnegie zilipokwisha, Serikali za makoloni hazikukubali kuuendeleza mradi, ukafa mwaka 1937. Somo la udongo halikufa. Lilirudi baada ya vita, katika mpango wa Mlalo ulioanza mwaka 1946, safari hii likiwa na amri na faini, na watu wa milima hii, ambao wanajua mteremko kuliko bwana shamba yeyote, walilikataa mpaka TANU ikasimama nao katika miaka ya 1950. Chama chetu kinajivunia historia hiyo, nami nimeisimulia majukwaani.

Basi nilipoifungua tena ile rasimu chumbani kwangu, nikiwa na blanketi mbili, niliona aya ya kwanza inasema kwamba vijana wetu "hawana uwezo wa kupambanua" wanachokiona. Aya hiyo niliiandika mimi. Inaweza kuwa imeandikwa Vugiri.

Sikuitia sahihi. Nimeandika pembeni mapendekezo mengine, nayo yatakwenda mbele ya kamati kwa njia ya kawaida, na wajumbe wana haki ya kuyakataa. Kwanza, kila mjumbe wa kamati aketi katika kibanda kimoja cha wilaya yetu kwa usiku usiopungua mmoja, alipe kiingilio, na asijulishe mapema kwamba anakuja. Pili, watoto wa skuli wasiingie baada ya Magharibi, na jambo hili liwekwe katika masharti ya leseni, maana hapo hatari ipo na hatuhitaji nadharia kuiona. Tatu, wafasiri waitwe wasikilizwe kabla ya kuamuliwa lolote, kwa kuwa wao ndio wanaojua ni sehemu gani huzirusha na kwa nini. Na nne, ambalo si la kamati bali ni langu: mwenye kibanda kile cha shehia yetu bado yu hai. Runinga yake haikupata kurudi. Nitakwenda kumwona, na nitamuuliza ilikuwa picha gani.

Usiku wa mwisho wa semina nilipita nje ya kibanda cha Lushoto nikielekea msikitini. Ukungu ulikuwa umeshuka mpaka barabarani. Ndani walikuwa wakitazama picha nyingine, ya kisasa, na kwa mngurumo nilioupata kupitia mbao ilikuwa na boti ya injini mbili ikikimbizana na helikopta baharini. Sauti ya yule kijana ikapanda juu ya kelele zote: "Sasa anaruka ndani ya kihori!"

Nilisimama kidogo pale nje, nikafikiria kuingia nimsahihishe, kisha iqama ikasikika nikaenda zangu.